Kumuuliza baba wa kiroho swali, ni kumkosea Mungu?

#1 Mama Tabu (Katuba, Lubumbashi)
Jambo wandugu. Niko na swali linalonikosesha usingizi.

Mwaka wa tisa huu nasali katika chumba kimoja cha maombi hapa Katuba. Tulianzia kwenye parsele, yaani kiwanja, ya mjane mmoja, chini ya mwembe, watu kumi na wawili. Mtumishi wetu ndiye aliyenifundisha kufunga, kusoma Neno, hata kumsamehe dada yangu ambaye tulikaa miaka mitano bila salamu. Mtoto wangu alipolazwa na malaria kali, mtumishi alilala kwenye mkeka kando ya kitanda siku nne. Siku nne! Mume wangu alikuwa Kolwezi kwenye machimbo, hakujua hata kama tuko hospitali.

Sasa, miaka miwili tunachanga kwa ujenzi. Kila nyumba mifuko yake ya simenti, na mwenye nguvu anaongeza mabati. Kiwanja kipo, msingi umefika magotini, majani yameota ndani. Jumapili moja baada ya ibada nikamwendea, nikapiga magoti, nikauliza: "Baba, hesabu ya simenti tutasomewa lini?" Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akasema: "Mama, imeandikwa, msiwaguse masihi wangu." Yaani watu wa Mungu waliotiwa mafuta. Tangu siku ile wamama wa maombezi hawanipi tena zamu ya kuongoza sala.

Siulizi kama yeye ni mwizi. Sijui, na moyo wangu haukubali. Nauliza hivi: kumuuliza mtu aliyekuzaa kiroho ni kumkosea Mungu? Na kama si kosa, mbona nilitetemeka?

#2 Fundi wa Ruashi
Si kosa, mama. 1 Wathesalonike 5:21, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Mimi najenga nyumba za watu, kila Jumamosi naonyesha mwenye nyumba mifuko mingapi imeingia na mingapi imetumika. Hajawahi kuniambia ninamgusa masihi.

#3 Ndugu Elia
Fundi, kanisa si shantie, mahali pa kujenga nyumba. Waebrania 13:17 inasema watiini wenye kuwaongoza, maana wao wanakesha kwa ajili ya roho zenu kama watu watakaotoa hesabu. Watatoa hesabu kwa nani? Kwa Mungu. Daudi alikata upindo tu wa vazi la Sauli kule pangoni, na moyo wake ukamchoma, ingawa Sauli alikuwa anamtafuta amuue. Mama Tabu, kutetemeka kwako kunatoka hapo. Roho yako inajua heshima.

Sikatai hesabu isomwe. Nakataa mwana kumsimamisha baba yake mlangoni pa kanisa, watu wakiangalia.

#4 Kasapa
Naomba tuutazame huo mstari wenyewe, maana katika mji huu umefunga midomo mingi kuliko kufuli.

Zaburi 105:15. Hao masihi ni akina nani? Rudi juu kidogo, utakuta Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wakitanga-tanga kutoka taifa hadi taifa. Mfalme anayekemewa ni yule aliyetaka kuwadhuru hao wageni wasio na mtu wa kuwatetea. Kwa hiyo mstari ulisemwa kumkinga mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Leo unatumika kumkinga mwenye kipaza sauti dhidi ya mama aliyepiga magoti.

Halafu someni Mwanzo 20. Ibrahimu alifika Gerari akasema Sara ni dada yake. Abimeleki akamchukua Sara. Ukweli ulipotoka, Abimeleki alimwita Ibrahimu akamuuliza usoni: umetutenda nini? Umeona nini hata ukafanya neno hili? Huyo ndiye masihi mwenyewe wa Zaburi 105, naye anaulizwa. Je, alisema usiniguse? Hapana. Alijibu. Alisema niliogopa, nilidhani hapa hakuna hofu ya Mungu, wataniua kwa ajili ya mke wangu. Jibu lenyewe lina aibu ndani yake, lakini alilitoa.

#5 Fundi wa Ruashi
Kasapa, leo umehubiri mpaka nimeangusha mwiko. Ubarikiwe.

#6 Ndugu Elia
Ndugu Kasapa, hadithi ya Gerari umeikata katikati. Usiku ule Mungu alimwambia Abimeleki kwamba yeye ni kama mfu kwa ajili ya yule mwanamke, na kwamba Ibrahimu ni nabii, atamwombea apate kuishi. Na ndivyo ilivyokuwa, Ibrahimu akaomba, nyumba ya mfalme ikapona. Ibrahimu alikosea na bado maombi yake ndiyo yaliyohitajika. Hapo ndipo Mama Tabu amesimama: mtu aliyemwombea mtoto wake akapona. Utamuulizaje kama unavyomuuliza muuza simenti?

#7 Kasapa
Hapo umenishika, ndugu yangu. Nakubali. Lakini ona kwamba yote mawili yako katika sura moja: aliulizwa, akajibu, akabaki nabii. Swali halikumvua upako.

#8 Mzee wa Kipushi
Wanangu, salamu. Mimi nimezaliwa katika Jamaa, kile chama cha kiroho cha Wakatoliki wa Katanga, baba na mama walikuwa Wajamaa kabla sijajua kutembea, na ninyi mnasema maneno haya kama vile yameanza jana.

Baba Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Kitabu chake juu ya fikira za Wabantu kilichapwa hapa hapa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945, na askofu wa hapa, Monsinyori de Hemptinne, hakukipenda hata kidogo. Baadaye kule Kolwezi, kwa wafanyakazi wa migodi, ikazaliwa Jamaa. Baba Placide hakuja na kusema mimi ni mwalimu, ninyi kaeni kimya. Wazee wetu walisimulia kwamba aliuliza: ninyi mnatafuta nini katika maisha? Ndipo yakatoka maneno matatu ambayo kila Mjamaa anayajua: uzima, uzazi, mapendo. Padri alijifunza kwa wakulima na wachimba shaba. Mtu na mke wake waliingia pamoja, njia kwa njia, yaani hatua kwa hatua za mafundisho, na aliyekuleta akawa baba yako, mama yako. Hata padri aliweza kuzaliwa na mtu na mke wake wasio na daraja lolote.

Sasa sikilizeni. Katika mafundisho, swali lilikuwa chakula chenyewe. Lakini lilikuwa na saa yake. Ukiuliza jambo la njia ya tatu nawe uko katika ya kwanza, mzee wako alikuambia: bado, mwanangu. Hakukufukuza. Nilimwona baba akimngojea mzee wake karibu miaka miwili kwa ajili ya jambo moja. Kwa hiyo, Mama Tabu, mimi nasema swali si kosa, ila uliliweka nje, juani, baada ya ibada. Swali la mtoto kwa baba lina chumba chake.

#9 Ngalula wa Bel-Air
Mzee, kwa heshima yote. Hiyo "bado, mwanangu" ndiyo iliyozaa Katete, lile kundi lililopotoka kutoka Jamaa. Bibi yangu alisema watu waliambiwa siri iko mbele, siri iko mbele, na walipofika mbele wakakuta mambo ya aibu. Siri yenye ngazi humpa nguvu aliye juu ya ngazi.

#10 Mzee wa Kipushi
Binti yangu, Katete walitoka kwetu, hawakuwa sisi. Baba Placide alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafia huko 1977, na alipokuwa hayupo wengine walifanya walivyotaka. Maaskofu walikuja kuwa wakali juu yetu sote miaka ya 1970, hata juu ya wasio na kosa. Lakini sitakudanganya. Mlango waliopitia ulikuwa wetu. Neno lako nimelipokea.

#11 Binti wa Kadutu (Bukavu)
Kutoka Bukavu, salamu. Kwetu mtu akiuliza mwalimu wa kweli ni nani, wazee hawafungui kitabu, wanakuonyesha barabara ya Nyawera. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa pale tarehe 29 Oktoba 1996. Vita vilikuwa vinafika, wakubwa wengi walikuwa wameshaondoka mjini, yeye akabaki akiwaambia watu wasikimbie hovyo, akitetea wakimbizi na raia. Aliyemfuata, Monsinyori Kataliko, mwaka 2000 alizuiwa kurudi Bukavu, akapelekwa Butembo miezi mingi kwa sababu ya barua yake.

Nilikuwa mdogo, lakini mama yangu alisema: huyu sikuwahi kumuuliza kitu, kwa sababu kila nilichotaka kuuliza alikuwa ameshajibu kwa mwili wake. Mtumishi aliyelala siku nne kwenye mkeka naye amejibu kitu. Je, hiyo haihesabiwi?

#12 Ngalula wa Bel-Air
Inahesabiwa, yaya, dada yangu. Lakini mkeka ni jibu la swali la mkeka. Simenti ni swali lingine.

#13 Abuu Salha (Bukavu, mzaliwa wa Kasongo)
Asalaam aleikum kwa wanaohusika, na amani kwa wote. Mimi Mwislamu, babu yangu alikuwa mtu wa Kadiria, tarika ya masufi, kule Kasongo, na jambo hili nimekua nalo.

Katika Qurani, Sura ya Pango, Musa anamfuata Khidhri ili afunzwe. Khidhri anamwambia: hutaweza kuvumilia pamoja nami, basi ukinifuata usiniulize neno mpaka nianze mwenyewe kukuambia. Kisha anatoboa mashua ya maskini, anaua kijana, anajenga ukuta wa watu waliowanyima chakula. Mara tatu Musa hakuweza kunyamaza. Masheikh wa tarika wanachukua hadithi hii kusema mwanafunzi awe mbele ya sheikhe wake kama maiti mikononi mwa mwoshaji. Babu aliishi hivyo, na sijapata kuona mtu mwenye moyo laini kama yeye.

Lakini miaka mingi nimekaa na mambo mawili katika hadithi hiyo. La kwanza, Khidhri hakuchukua ujira. Musa mwenyewe alimwambia juu ya ule ukuta, ungetaka ungechukua malipo. Hakuchukua. La pili, mwishoni alieleza yote. Mashua niliitoboa kwa sababu hii, kijana kwa sababu hii, ukuta una hazina ya yatima chini yake. Ukimya alioutaka ulikuwa na mwisho, na siku ya mwisho mwanafunzi alipata hesabu kamili.

#14 Ustadh wa Kamalondo
Ndugu Abuu Salha, umesema vizuri, ila tuweke sawa: jina la Khidhri halimo katika Qurani yenyewe. Aya inasema mja katika waja wetu. Jina tumelipata katika hadithi za Mtume. Na huyo alikuwa na elimu kutoka kwa Mwenyezi Mungu moja kwa moja, hakuna sheikhe wa leo awezaye kudai cheo hicho. Abubakari aliposhika ukhalifa aliwaambia watu: nikifanya vema nisaidieni, nikienda kombo ninyosheni.

#15 Abuu Salha
Kweli kabisa, ustadh. Jazaka Allah.

#16 Mwana Shituru
Nimesoma yote, sasa nitoe yangu. Sijawahi kuandika hili popote.

Baba yangu alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, miaka 27. Mwaka 2003 alichukua ile wote tuliiita depa volontere, kuacha kazi kwa hiari na kulipwa, pamoja na wenzake zaidi ya 10,000. Alipata pesa ambayo hajawahi kuishika kwa mkono mmoja maishani mwake. Mhubiri mmoja alikuwa anapita kwenye makambi ya wafanyakazi akisema: hii ni mbegu, ukiila imekwisha, ukiipanda itarudi. Baba alipanda karibu nusu. Mama alitaka tununue parsele na mashine ya kusaga. Baba alimwambia, wewe huna imani.

Mhubiri aliondoka mjini. Hilo si ajabu, wanaondoka. Ajabu ni baba. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na hakuwahi kusema alidanganywa. Kila mwaka alisema wakati haujafika. Mimi nilimkasirikia sana, nikadhani ni ujinga. Alipokuwa anakufa nilielewa. Baba angemuuliza yule mtu swali moja tu, angelazimika kujijibu mwenyewe swali lingine: nimewafanyia nini watoto wangu? Alinyamaza asije akalisikia hilo la pili.

Kwa hiyo ndugu Elia, kutetemeka kunaweza kutoka kwenye heshima. Kunaweza pia kutoka hapo. Mama Tabu, wewe umeuliza msingi ukiwa bado magotini. Ni mapema. Shukuru Mungu.

#17 Ndugu Elia
Pole sana ndugu. Sina la kuongeza hapa. Mungu ampumzishe mzee.

#18 Mama Tabu
Mwana Shituru, nimelia. Asante.

#19 Mtoto wa Sakania
Kwetu Sakania wazee bado wanataja Mwana Lesa. Mwaka 1925 alipita akibatiza mtoni, akisema atawajua walozi kwa maji. Aliyeshindwa kuzama vizuri aliitwa mulozi, akazamishwa mpaka afe. Na waliomshika na kumsukuma majini walikuwa jirani zake mwenyewe. Watu walifurahi kwamba hatimaye mtu anaondoa ulozi. Wabelgiji wakamnyonga hapa Kongo.

#20 Kasapa
Marekebisho kidogo: aliua watu upande wetu pia, lakini alinyongwa upande wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mwaka 1926. Jina lake Tomo Nyirenda, alitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Hilo la jirani ni kweli, na ndilo linaloniogopesha zaidi.

#21 Mtoto wa Sakania
Asante, nimesahihishwa.

#22 Jirani wa Birere (Goma)
Sisi hapa Goma tunakumbuka Kanungu, hapo ng'ambo Uganda, 17 Machi 2000. Watu walifungiwa kanisani, moto. Na Shakahola kule Kenya mwaka 2023, miili zaidi ya 400 msituni, watu waliambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Na kufunga tunafunga hata sisi.

#23 Ndugu Elia
Jirani, simenti ya Katuba na Kanungu wapi na wapi? Mnamtisha mama wa watu.

#24 Jirani wa Birere
Sikusema ni sawa. Nilisema hakuna aliyeanza na moto. Ila umenikumbusha kipimo, pole mama.

#25 Mwana Nkamba (komini Kenya, Lubumbashi)
Mimi Mkimbangu. Kwetu matoleo tunaita nsinsani. Wababa upande huu, wamama upande ule, vijana, wanashindana, tarumbeta zinalia, na kila kiasi kinahesabiwa na kutangazwa palepale mbele ya watu wote. Mtoto wa miaka sita anajua wamama wameshinda kwa kiasi gani. Hakuna anayelazimika kupiga magoti kuuliza.

Na kwa wanaopita hapa bila kujua: Papa Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu, tangu 6 Aprili 1921 pale Nkamba hadi Septemba. Alihukumiwa kifo, mfalme Albert wa Ubelgiji akabadilisha kuwa kifungo cha maisha, wakamleta huku Élisabethville. Miaka thelathini gerezani, akafia humu humu mjini tarehe 12 Oktoba 1951. Wanafunzi wake wengi hawakumwona tena kamwe. Walimwamini mwalimu ambaye hawakuweza kumuuliza kitu kwa miaka thelathini.

#26 Ngalula wa Bel-Air
Mwana Nkamba, kuingia kwa pesa kunatangazwa. Na kutoka?

#27 Mwana Nkamba
Swali zuri, dada. Nitalipeleka kwa wazee wa parokia yetu.

#28 Mwuguzi wa Kampemba
Mimi naona mnatafuta mbali. Mtu anaogopa kumuuliza mtumishi kwa sababu mtumishi ni hospitali yake, ni benki yake, ni polisi wake. Mgonjwa akikosa pesa ya kutoka hospitali, nani anakuja? Ni mtumishi na watu wake. Mume akipiga mke, nani anaitwa usiku? Ukimpoteza huyo umepoteza vitu vitano siku moja. Wamama wa maombezi waliomnyima Mama Tabu zamu nadhani hawamchukii. Wanahesabu na wao.

#29 Mchungaji mdogo (Goma)
Nimesita kuandika. Mimi nachunga kanisa dogo, watu sitini hivi. Nataka mjue upande wa pili. Nilipoanza, watu walinikosoa: nguo, mahubiri, kila kitu. Mwaka wa tatu niliombea mgonjwa mmoja, akapona. Tangu hapo hakuna aliyenikosoa tena. Nikisema jambo la kipumbavu wanasema amina. Nilidhani ni baraka. Sasa najua niko peke yangu.

Mwaka uliopita nilikosea hesabu ya mfuko wa wajane. Sikuiba, nilichanganya na pesa ya kodi ya ukumbi, nikashindwa kuirudisha kwa wakati. Nilijua. Mweka hazina alijua. Kila Jumapili nilingoja mtu aniulize ili niseme. Hakuna aliyeuliza. Nilikaa na jambo lile miezi saba kabla sijasimama mwenyewe na kulisema, na siku ile mzee mmoja alinifuata nje akaniambia nimejidhalilisha bure. Mama Tabu, inawezekana huyo baba yako alinyamaza pale kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kabla yako, akashika mstari uliokuwa karibu. Simtetei. Nasema najua ule ukimya ulivyo.

#30 Fundi wa Ruashi
Mchungaji, umenigusa. Ila ulimaliza kurudisha ya wajane?

#31 Mchungaji mdogo
Yote. Mwezi wa nne, mbele ya watu.

#32 Mama Tabu
Wandugu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nilifanya kama Mzee wa Kipushi alivyosema, nikaenda nyumbani kwake jioni, si kanisani. Mke wake alinipa kiti. Nikasema: baba, wewe ulimlilia mtoto wangu, kwa hiyo siwezi kukaa nawe na jambo moyoni. Nikarudia swali lile lile. Nilitetemeka tena.

Alikaa kimya muda mrefu mpaka kuku waliingia bandani. Halafu akasema: "Njoo Jumatano. Uje na watu wawili." Basi. Sijui kama ni mwito wa hesabu au wa hukumu.

#33 Ndugu Elia
Wawili ni Mathayo 18. Ni njia nzuri. Nitafunga siku hiyo kwa ajili yenu.

#34 Ngalula wa Bel-Air
Watu wawili atakaowachagua nani, wewe au yeye?

#35 Mama Tabu
Hakusema. Nimemwomba yule mjane wa mwembe, na fundi aliyejenga msingi. Yeye anajua ni mifuko mingapi iliingia.